Mluzi Nisiousikia

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wanao wote wawili. Natumaini mgongo umetulia, na kwamba umepata mtu wa kukubebea majora ya vitambaa pale dukani, maana nakujua: ukiambiwa upumzike ndipo unapoanza kupanga rafu upya. Mimi ni mzima wa kula na kutembea. Mengine nitakueleza humu humu, ila nakuomba usirukie chini ya ukurasa kama ulivyozoea. Soma kwa mpangilio.

Mara ya mwisho uliniuliza kazi yangu hasa ni ipi, kwa kuwa wanao wamewatangazia wenzao shuleni kwamba mjomba wao anapiga disko. Sipigi disko. Natengeneza sauti za kuchezewa dansi, lakini si nyimbo. Narekodi droo inayokwama, bomba linalokohoa kabla ya kutoa maji, zipu ya begi, kisha nazivuta na kuzikunja kwenye kompyuta mpaka mwenye droo asiitambue droo yake. Shemeji aliwahi kusema hizo ni kelele zenye shahada.

Mwaka huu nilialikwa na kikundi cha wachezaji tisa wanaofanya mazoezi katika jengo lililokuwa kiwanda cha sabuni. Kiongozi wao ni mama mmoja mfupi, mkali wa macho, tunamwita Mwalimu. Onyesho lao halina viti wala jukwaa. Watazamaji wanatembea chumba hadi chumba katikati ya wachezaji, na sauti zinawazunguka kutoka spika ishirini na nne, nyingine zimening'inizwa darini, nyingine zimefichwa chini ya mbao za sakafu. Mwalimu alitaka mtu ajione kama ameingia ndani ya nyumba inayoamka asubuhi, kabla mwenye nyumba hajaamka.

Wiki nne za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Wiki ya tano wachezaji wakaanza kulalamika kwamba kichwa kinawauma wakifika chumba cha ngazi. Mwalimu akawaambia wavumilie, kisha akanigeukia na kunisifu. Alisema ule mluzi mwembamba niliouweka pale ni wa kijasiri, unachoma kama sindano. Dada, mimi sikuwa nimeweka mluzi wowote. Nilitega sikio. Mbao nilizisikia, maji niliyasikia, mluzi sikuusikia. Badala ya kuuliza, nikaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu mwenye falsafa, nikasema ndivyo nilivyokusudia.

Kuna mchezaji tunayemwita Unyoya kwa wepesi wake. Siku mbili baadaye, katika chumba hicho hicho, alitakiwa kujiachia kutoka ngazi ya sita adakwe na mwenzake. Alijiachia mapema, mwenzake hajafika, akaangukia mkono. Kifundo kikavimba. Alijitetea kwamba mluzi ule ulimzuia kusikia hatua za mwenzake. Mwalimu akamjibu kwamba wenzake wote wanausikia na hawaanguki, na kwamba akishindwa kutuliza akili atatafutiwa mbadala. Mimi nilikuwa nimesimama pale, waya mkononi. Sikusema kitu.

Nilikaa hivyo siku tatu. Siku ya nne nikamwendea fundi wa spika, mzee mpole anayependa kula karanga akifanya kazi, nikamwomba anioneshe sauti ya chumba cha ngazi kwenye skrini. Juu kabisa palikuwa na mstari mnene, umenyooka kama waya wa kuanikia nguo. Akanitazama akaniuliza, "Kweli husikii hii?" Nikamwambia sisikii. Akaiongeza. Wachezaji waliokuwa wakinyoosha viungo upande wa pili wa ukumbi wakaziba masikio, na mmoja akaniita jina ambalo sitaliandika. Mimi nilisikia karanga zikitafunwa.

Nikawaambia wote siku ile ile. Nilisema mluzi ni kosa la kompyuta yangu, sikuukusudia, sikuusikia, na Unyoya alianguka kwa sababu yangu. Mwalimu akamwomba Unyoya radhi mbele ya kikundi. Kwangu mimi alisema maneno machache tu: yeye anaweza kufanya kazi na mtu asiyesikia, lakini si na mtu anayenyamaza. Nilidhani ndio mwisho wangu. Ni Unyoya aliyesema nibaki. Kwa kuwa mkono ulimzuia kucheza wiki mbili, alikaa kando yangu akawa masikio yangu. Alikuwa ananiambia hapo juu pana mchanga, ondoa; hapo pana kioo, kiache. Mimi nikahamia chini, kwenye sauti nzito zinazopita mbaoni na kupanda miguuni. Tulipofungua milango, watazamaji wengi walivua viatu bila kuambiwa. Onyesho limekwenda siku kumi na mbili, na Unyoya alicheza zote.

Baada ya hapo nilikwenda kwa daktari wa masikio. Alisema sauti nyembamba zinanipotea na zitaendelea kupotea, ila sitakuwa kiziwi leo wala kesho. Usiogope, bado nafanya kazi. Kisha akaniuliza nani nyumbani ana tatizo hili, kwa sababu kwa kawaida hurithiwa. Nikamjibu hakuna. Alinieleza kwamba wenye hali hii hupoteza kwanza sauti za wanawake na watoto, hasa msemaji akiwa nyuma yao. Hapo nikamkumbuka marehemu Mama, jinsi alivyokuwa akimgusa Baba bega kabla ya kusema naye. Sisi tulidhani ni mapenzi.

Nilimpeleka Baba akapimwe. Alibisha njia nzima. Mchoro wa usikivu wake ni kama wangu, ila mstari umeteremka zaidi. Miaka yote ile aliyokuwa akinijibu mimi na kukupuuza wewe, tukasema anapenda mtoto wa kiume, kumbe sauti yangu ilikuwa imekuwa nzito, na yako haikumfikia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie. Siku ile ulipoondoka, baada ya ugomvi wa wewe kuacha chuo, mimi nilikuwa koridoni. Nilikusikia ukisimama nyuma ya Baba, yeye ameinama kwenye benchi lake la useremala anapiga randa, ukamwambia mara mbili kwamba umekosa, akusamehe, na kwamba unakwenda. Nilimwona hakugeuka. Nilikuona ukipita na begi. Baadaye alitoka akauliza uko wapi, nikamwambia umeondoka. Akauliza, "Bila hata kuniaga?" Nikanyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kwa mara ya kwanza nilikuwa mimi mtoto mwema wa nyumba ile. Nikaizoea nafasi hiyo. Mwaka ukawa miwili, miwili ikawa tisa, ukaolewa bila kumwalika, naye akawa hataki jina lako litajwe. Masikio yangu wakati ule yalikuwa mazima, Dada.

Ijumaa iliyopita nilimwambia yote. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliniambia nirudie maneno yako, polepole, akawa anatazama midomo yangu. Nikarudia. Akaketi juu ya benchi lake, akasema, "Kumbe aliniaga."

Sikuombi unisamehe kwa barua hii. Ukinikasirikia nitastahili, na ukitaka kukaa kimya kwanza nitangoja. Lakini yeye usimngojeshe. Amepewa vifaa vya masikioni, anavilalamikia kwamba hakujua viatu vyake vina kelele kiasi hicho. Ukimpigia simu, sema taratibu. Ukija, simama mbele yake.

Nisalimie shemeji, na wanao wabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako.