Tumepita Bondeni kwa Matairi Mapya

Papa,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako, nyuma ya usukani, pikapu yako imeegeshwa uani hapa hospitalini Alupe, karibu na Busia. Asio yuko ndani, anapasuliwa. Mtoto wake alikuwa amelala kwa upande tumboni na uchungu ulimshika leo asubuhi, kabla hata hatujawasha moto wa chai. Sijui kama dadangu atatoka mle akiwa hai. Mama yuko nyumbani na rozari yake, siwezi kumwambia maneno haya kwa simu. Nimechomoa ile kalenda ya mwaka jana uliyokuwa umeibandika kwenye dashibodi, naandika nyuma yake.

Kwanza nikwambie, maana pengine umeshaona. Nimebadilisha matairi.

Usinikasirikie kabla hujasikia. Baba Mdogo Omuse amekasirika vya kutosha kwa niaba yenu wote wawili. Siku tulipokuzika alisimama mbele ya watu akasema gari liendeshwe, watu lazima wale, lakini kitu chochote chako kisitolewe kwenye hilo gari mpaka matanga yaondolewe. Na matanga ya kwetu unayajua, hayaondolewi bila pombe ya wimbi. Akiba yote ya wimbi iliishia kwenye mazishi yako, kwa hiyo tunangoja mavuno. Yaani tumekuwa tukiomba mvua inyeshe wimbi liote, na mvua hiyo hiyo ndiyo inayoimeza barabara yetu. Mimi huku nabeba mihogo ya watu kutoka Angurai hadi Malaba na Busia juu ya matairi yaliyolika hadi yakawa laini kama kiganja. Kila wingu likijikusanya upande wa mlimani, nashuka kuyapapasa tena.

Halafu Asio akarudi nyumbani na tumbo lake. Mumewe yuko njiani na trela, Kongo huko, simu inaingia siku anayotaka yeye mwenyewe. Kliniki walimwambia wazi kwamba akisikia uchungu wowote asingoje, akimbizwe hospitali. Tulikuwa tumepanga kumhamishia Busia Jumapili, akae karibu. Leo si Jumapili, Papa.

Kwa hiyo nilitafuta matairi. Nilianzia Malaba, pale malori yanapopanga foleni, kwa muuza matairi mmoja wa ng'ambo ya mpaka, Uganda. Akaniita nyabo, yaani mama kwa Kiganda chake, akasema, "Hii ni mpya kabisa, bado inanuka kiwanda." Nikapitisha kidole katikati ya meno ya tairi, chini kabisa, kama ulivyonifundisha, nikagusa nyuzi. Lilikuwa tairi kuukuu lililochongwa meno upya kwa kisu cha moto, likapakwa rangi nyeusi. Nikamwambia hata mimi nikipakwa rangi nitaonekana msichana. Alicheka, nami nikacheka, nikaondoka. Ningekuwa mtu mwingine, ningelinunua.

Nikaenda Busia, dukani kwa Mzee Salim. Alikuombea dua kabla hajaniuliza nimekuja na shida gani. Kisha akaniwekea matairi mawili sakafuni. Moja lilikuwa la kila barabara, meno ya wastani, yamekaribiana. La pili lilikuwa la matope, meno manene yaliyoachana ili tope lipate pa kutokea. Akaniambia, "Dada, kazi yako ni lami. Hii ya matope itaisha mbio, itakunywa mafuta, na siku lami iko na maji breki itakusumbua. Chukua hii ya kila barabara. Hiyo kipande ya udongo utapita tu polepole."

Alikuwa anasema kweli. Ungekuwepo ungemuunga mkono, mkanywa chai mkinicheka. Nilikuwa na uwezo wa seti moja tu, na mkate wetu uko kwenye lami, Malaba na Busia, Busia na Malaba. Nilisimama pale nikiyapapasa kama mtu anayechagua ng'ombe. Nikamwambia, "Mzee wangu, babangu hakufa kwa lami." Alichukua jeki akaanza kufungua nati yeye mwenyewe.

Wewe uliyakataa haya matairi ya matope. Unakumbuka? Ulisema yanapiga kelele kama posho mill ikisaga mahindi, utasikiaje redio. Wewe na hiyo redio na matangazo yake ya vifo, unayasikiliza kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Ukachukua ya lami, yasiyo na kelele. Siku kifua kilipokushika nikakuweka mbele, nikashika usukani, tukafika bondeni kwenye mto, na magurudumu yakaanza kuzunguka pale pale. Ukaniambia, "Usikanyage mafuta, utachimba." Pumzi inakukatika na bado unanifundisha gari. Nilitandika magunia. Nilikata matawi. Nilikimbia kuita ng'ombe wa kulimia wa jirani, na niliporudi nao mkono wako ulikuwa umeshika mlango, umekaa wima, umeondoka. Niliendelea kukusemesha hadi ng'ombe walipotuvuta kule juu. Sijawahi kumwambia mtu.

Matairi yako ya zamani sikuyaacha kwa Salim. Niliyabeba nyumbani nikayalaza kando ya kaburi lako, yote, ili kitu chako kisitoke bomani. Niliona nimefanya akili. Baba Mdogo alipoyaona hakupaza sauti. Alisema, "Umetoa miguu ya ndugu yangu kabla hajamaliza kuenda. Kifo ikirudi hapa, mimi nisiulizwe." Tangu hapo sijalala vizuri. Namwona Asio akiosha vyombo, tumbo limemtangulia, nahisi nimemuuza. Mimi ni mtu wa kanisa, naungama, napokea, na bado niliogopa. Hata sasa naogopa. Kama hatatoka salama, nitajua ni kwa sababu ya nati zile zilizofunguliwa Busia, na hakuna padri atakayenitoa hapo.

Leo mvua ilikuwa haijaacha tangu alfajiri. Nilipomwingiza Asio garini, Baba Mdogo alitokea na jembe begani. Alipanda nyuma akakaa juu ya magurudumu ya nyuma, gunia kichwani, akawa mzigo wetu ili matairi yashike. Unajua yeye na goti lake bovu. Nikamwacha.

Kule bondeni tope lilikuwa limeziba barabara yote. Nilisimama, nikashuka, nikatoa upepo kidogo kwenye kila tairi kama ulivyokuwa ukifanya, hadi tumbo la tairi likatokeza kando. Asio alikuwa ameuma leso yake, macho yameniangalia tu. Nikaweka gia nzito. Sikukanyaga mafuta, Papa. Nilikusikia, sikukanyaga.

Na ikapita.

Iliyumba mara moja, meno yakashika, ikapanda. Sikumaliza hata Salamu Maria moja. Pale pale. Pale ulipofia, tulipita tukaacha tu alama za meno kwenye udongo. Asio alidhani nalia kwa furaha. Nililia kwa sababu ilikuwa rahisi. Nilitaka tukwame kidogo, hata kidogo tu, niweze kuamini kwamba siku ile hakuna kitu kingesaidia. Kwa nini redio, Papa? Kwa nini mtu achague redio?

Baba Mdogo aligonga paa kwa kiganja, vile ulivyokuwa ukigonga wewe ukitaka niendelee. Nikaendelea. Kwenye lami, kweli, kelele ni ya posho mill, na nilishukuru kwa sababu Asio alikuwa ameanza kupiga mayowe.

Walipomwingiza ndani, nilimkuta Baba Mdogo amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, analowa, anatoa tope katikati ya meno kwa kijiti. Alifanya hivyo muda mrefu. Kisha akasema, hata hakuniangalia, "Kumbe ndugu yangu angepita." Akainuka akaenda kukaa kwenye mlango wa upasuaji. Sijui kama amenisamehe au kama nimemuua na yeye.

Sasa hivi nesi ametoka. Mtoto amelia, ni msichana, nimemsikia kwa masikio yangu. Lakini Asio anavuja damu na haijakubali kusimama. Wanataka watu wa damu yake wamtolee damu. Baba Mdogo ameshakunja mkono wa shati, ameingia wa kwanza, nami nimeambiwa nijitayarishe.

Nakuahidi hivi. Matairi yako yatabaki kando yako hadi wimbi livunwe na pombe ya matanga inywewe, na siku hiyo nitayaondoa mimi mwenyewe, mchana, Baba Mdogo akiwa ameketi pale. Nikirudi na Asio akiwa amekaa mbele na mtoto wake, nitasimama bondeni, nizime gari, tukae na wewe kidogo. Nitakuwashia na hiyo redio. Na nikirudi bila yeye, Papa, sitapita pale hata kwa matairi gani.

Pumzika kama unaweza. Kama huwezi, njoo ukae naye humo ndani, mimi wananiita sasa.

Binti yako,
Amoit