Kokoto Kwenye Mpira

Jumatatu, 3 Machi
Mkamwana wangu kaleta mashine. Mimi humwita Vipimo — hata chumvi anaipimia rula! Eti ijaze yenyewe tangi la samaki la marehemu mume wangu. Ndoo chini, pampu ndani yake, mpira unapanda mpaka tangini. Maji yakipungua, boya linashuka, pampu inaamka. Yakitosha, inalala.

Miaka kumi na tisa nimejaza kwa jagi, kwa mkono huu. Siku moja tu — moja! — nilivuta mpira wa bombani nikausahau, maji yakamvujia fundi cherehani anayekaa chini yetu. Mwenye nyumba akasema tone jingine, tuhame. Basi nimenyang'anywa jagi. Mwanangu anacheka: Mama, pumzika sasa. Pumzika! Kama nimefukuzwa kazi.

Jumanne, 4 Machi
Mashine inakojoa. Ndiyo, inakojoa! Ncha ya mpira inaning'inia juu ya maji, tiriri, kimya, tiriri tena. Nimekwenda chooni mara sita. Vipimo kasema ncha isiguswe, Mama, ibaki juu hivyo hivyo. Kwa nini? Hakueleza, anawahi kazini.

Mimi siamrishwi na mpira. Nimeuzamisha mpaka kwenye kokoto za chini ya tangi. Kimya. Safi.

Alhamisi, 6 Machi
Umeme ulikatika nikiwa sokoni. Nimerudi — sebule ziwa! Pampu imelala, na maji ya tangi yameteremka kwa mpira ule ule, yakajaza ndoo, yakamwagika. Samaki wanapiga mikia kwenye mawe. Nimeokoa watatu kwa sufuria. Yule mwekundu mkubwa, marehemu mzee wangu alimwita Bwana Afya, kafia kiganjani mwangu.

Fundi cherehani kapanda na gauni la harusi la mteja, madoa ya dari kifua kizima. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

Kabla mwanangu na mkewe hawajarudi nikauvuta mpira, nikauning'iniza kama ulivyokuwa.

Ijumaa, 7 Machi
Mwanangu kamfokea mkewe mbele yangu, yeye na vimashine vyake. Vipimo alipima tangi kwa rula, kisha akaitazama mikono yangu. Muda mrefu.

Mwenye nyumba anakuja kesho na fundi wake wa bomba. Nikisema ni mimi, watasema bibi akili imeota kutu. Nitapelekwa kwa dada yangu, tukae tunakoholeana. Sijala.

Jumamosi, 8 Machi
Wamekuja. Naandika jikoni, mlango nimeurudisha. Nawasikia.

Fundi wa bomba anaeleza: ncha ikiwa juu, umeme ukikatika mpira unavuta hewa tu. Ikizama, tangi zima linashuka. Mwanangu anasema lakini mbona ncha iko juu! Fundi kauchomoa mpira pampuni, kaupuliza. Kitu kimelia kwenye ndoo — ti!

Kokoto ya tangini, imenyonywa na mpira ulipozama.

Mwenye nyumba anauliza nani aliuzamisha.

Vipimo: "Mimi."

Mjinga mtoto huyu! Nani kamtuma? Mwanangu anafoka, anamwambia afunge nguo zake, akakae kwao mpaka amwite. Nasikia kabati linafunguliwa.

Jagi liko hapa mezani, kavu.

Nimesimama. Nimekaa. Magoti haya — uongo, magoti hayana neno. Anapita ukumbini, namjua kwa kandambili zake. Nimesimama tena. Kasimama mlangoni pangu, hagongi. Anasema taratibu, Mama, usisahau kuwabadilishia maji wale wa kwenye sufuria. Naweka kalamu, naufungua mlango.