Tikiti ya Harusi ya Saumu

Edmonton, London

Mamangu mpenzi,

Shikamoo mama. Nakushika mkono kwa mbali, nikitumai miguu imepungua kuvimba na dawa unazinywa bila kuzificha chini ya mto. Mimi mwili ni mzima, uso ndio sina. Siku zote hizi unapiga simu sipokei, kisha nakuandikia kwamba niko kazini. Si kweli, mama. Mara nyingi nilikuwa nimekaa kitandani, naiangalia simu ikilia, naona haya.

Siji. Saumu ataolewa bila mimi.

Najua mliisogeza harusi ili iangukie likizo yangu, na wakwe wakanung'unika mpaka mkawabembeleza. Najua Saumu ameapa kwamba ua la kwanza la hina yake atalichora dadake, mwengine hamshiki mkono. Nikikumbuka hayo natamani ardhi ipasuke niingie.

Ilikuwa hivi. Tikiti tulikwenda kununua wawili, mimi na Wambui, mwenzangu wa Nakuru ninayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee. Mamake anakaa hapo Changamwe. Tukaenda Woolwich kwa wakala mmoja, mtu wa kwetu kabisa. Nilipofungua mdomo tu akaniuliza, "Wewe si wa Kibokoni wewe?" Akanitilia chai, akamtaja marehemu babu, akaniita dada. Nikalainika pale pale.

Wambui akatoa kadi yake ya mkopo, akaninong'oneza, "Zuhura, na wewe lipa na kadi. Huyu mtu akipotea, benki ndio itakurudishia. Ukimpa pesa mkononi, utashika nani?"

Nikamcheka, mama. Nikasema kwa sauti, yule bwana asikie, kwamba sisi watu wa pwani hatutembei na deni mfukoni, na riba ni haramu. Wambui akanijibu polepole kwamba ukilipa deni lote kwa wakati, riba haikugusi. Sikutaka kusikia. Na kusema haki ya Mungu, si dini iliyonizuia. Niliona vibaya kumtolea kadi mtu aliyemtaja babu yangu, kama kwamba simwamini. Nikampa taslimu, akiba yangu yote, na risiti nikaona haya kuomba.

Tuliporudi kuchukua tikiti, duka limefungwa, simu haishiki. Kuwauliza shirika la ndege, majina yetu hawanayo. Lo! Nilikaa kizingitini nikalia mpaka wapita njia wakasimama.

Wambui akaandikia benki yake. Sheria ya huku ndiyo hiyo: ukinunua tikiti kwa kadi ya mkopo na usiipate, benki iliyokupa kadi inabeba lawama pamoja na muuzaji. Wamemrudishia yote. Ameshanunua nyingine, kwa kadi ile ile, moja kwa moja kwa shirika. Mimi benki yangu waliniuliza ushahidi wa malipo. Nilikuwa na nini cha kuwaonyesha, chai?

Nilikuficha nikidhani nitaongeza kazi nipate nyingine. Bei za msimu huu nimeshindwa. Na Wambui hajaniambia hata mara moja, "Si nilikwambia?" Afadhali angenisuta.

Mwambie mjomba Athmani, anayetaka kumnunulia mwanawe tikiti ya kwenda masomoni, alipe kwa kadi ya mkopo, aulize kwanza kama benki ya huko nayo hurudisha. Mtu wa kwetu amsalimie tu, na chai yake anywe. Nisalimie nyanya, asijisumbue kuniwekea chumba. Shangazi ambembeleze Saumu, maana wewe ukianza mtalia wote wawili.

Aliyekukabidhi barua hii ndiye Wambui. Mpokeeni kama mngenipokea mimi, mumkalishe pale ningekaa. Lile ua la kwanza nimemfundisha, la kiganja cha kulia, na amelijaribu mkononi mwangu mpaka hina ikatuishia. Limekaa upande kidogo. Saumu asilifute. Mimi ninalo hapa kiganjani, limekaa upande vilevile.

Mwanao asiye na uso,
Zuhura