Kibano cha Shingo Pana

Mwenzangu, usinipigie, nitalia. Soma tu.

Nimetoka duka la vyombo vya muziki sasa hivi. Nilifuata kapo, kile kibano cha kubana nyuzi ili sauti ipande, kwa ajili ya lile gitaa uliloniachia ulipohama. Nilichonacho ni kifupi, kinauacha uzi wa mwisho nje.

Sasa duka limejaa watu, mimi namweleza muuzaji: "Shingo yake pana mno. Nikimbana huku, kule anakoroma. Jana nimembana mpaka vidole vikauma, wapi."

Mama mmoja akamvuta mwanawe, wakasogea mlangoni.

Muuzaji akaniuliza taratibu, "Dada, huyo ni mzee wa nyumbani?"

Nimembana. Anakoroma. Mimi huyo, mbele za watu.

Nikasema ni gitaa. Walicheka mpaka wakashika mbavu, nikacheka nao, ningefanyaje. Akanitolea kirefu, kilichonyooka, maana changu kina mpindo na shingo pana kama ya gitaa letu huwa bapa. Akanionyesha kwenye gitaa la dukani kinavyozifikia nyuzi zote. Kitakaa.

Wakati ananifungia, akatania: "Gitaa unaliita 'yeye' kama mtu. Kwani mnaishi wangapi humo ndani?"

Unajua kile chumba chako bado sijakipangisha. Unajua jibu la swali lile ni rahisi: niko peke yangu.

Nikamjibu bila hata kufikiri.

Nikasema, "Wawili."