Ndagala za Mama Porini

Fanny weh, mume wangu Gracien amerudi mikono mitupu! Na msimu wa kuwinda unafungwa leo.

Mama yake anakwisha, unamjua. Alichoomba ni nyama ya pori tu, aionje kabla hajaondoka.

Joto la mwaka huu limewalaza kulungu mchana kutwa. Mume wangu akangoja baridi, maana ikikaribia wanatoka kula. Leo ikakaribia. Akajificha kule nje ya mji huu wa Mansfield, upepo wa kusini ukimpiga usoni. Kulungu wakatokea mbele yake!

Mara baridi ikafika, upepo ukageuka, ukawapelekea harufu ya mfuko wake. Ndagala, Fanny, dagaa wakavu wa kunuka! Wakainua vichwa, wakatoweka.

Ndagala! Mwindaji wa kule kwetu Fizi, ambaye siku ya kuwinda hagusi hata sabuni!

Nikamfokea. Akanijibu polepole, “Mama alinifungia kwa mikono yake, na kusimama hawezi. Ningemkatalia vipi?”

Sasa hivi mama amemuuliza, “Ulikula, mwanangu?”

“Nilikula, mama. Nilishiba.”

“Afadhali,” mama akasema, akafumba macho. Nyama hakuiulizia tena.