Chuma cha Ilunga

Kamina, Jumapili, 1999

Nimeharibu chuma cha mwanangu, na hakuna wa kukitengeneza.

Ilunga alikileta kutoka chuoni Lubumbashi, mbele ya vita kuanza. Ni kijiti kilichokuwa kikirefuka kidogo ukikisogezea sumaku.

"Mama, hii chuma iko na chembe mingi, kila moja inaangalia ngambo yake, upande wake. Tuliifundisha kuitikia sumaku, kwa moto na kuibana, mara mingi. Usiipashe tena, itasahau."

Leo nilipiga pasi kikwembe ninachojifunga kiunoni, kuua mayai ya inzi wanaotagia nguo zilizoanikwa. Kijiti kilikuwa kimefungwa kwenye pindo. Nikasogeza sumaku ya redio. Hakikurefuka.

"Ataifundisha tena akirudi," baba yake akasema.

Nikaitika. Tangu reli ikatwe, hatujui kama Ilunga yu hai. Ee Bwana, nimekifunga tena palepale.