Waya wa Fedha Kooni mwa Baba

Buguruni,
Dar es Salaam.
14 Machi, 1954

Mpendwa kaka Mwinjuma,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Mombasa, pamoja na wifi na watoto. Je, ule mguu umepoa? Sie huku wazima, ila baba yetu, na ila akili za wazee wa ukoo, ambazo sijui zimekwenda kutembea wapi.

Ugonjwa wa koo umerudi. Ile kansa iliyochomwa miale mwaka jana, tukasoma maulidi na kuchinja mbuzi wawili kwa furaha kuwa imekwisha, kumbe haikwisha. Ulianza mkate kumkwama, ukafuata wali, na sasa hata uji anaumeza kwa machozi.

Baba mdogo Marijani alitangaza barazani kuwa ugonjwa umerudi kwa sababu mbuzi mmoja wa maulidi alikuwa na chongo. Ati chongo! Kisha akaleta kombe, bakuli zima la maandishi ya zafarani yaliyooshwa kwa maji ya waridi, anyweshwe mtu ambaye koo limefunga. Likamtokea baba puani. Marijani akatikisa kichwa, akasema mgonjwa hana imani. Mie silicheki kombe, namcheka mtu asiyejua kuwa dawa ya kunywa yataka koo.

Nilimpeleka hospitali mwenyewe, mie na mdogo wetu Mwanaasha. Daktari hakuficha kitu. Miale haichomwi tena palepale, nyama haitastahimili. Kumpasua kifua kwa umri wake ni kumuua. Yamebaki mawili: mpira wa kumlishia tumboni, au waya wa fedha uliosokotwa ukawa kama mwanzi, unasukumwa kooni unakaa humo, chakula laini kinapita katikati. Hauponyi, alisema, ila utampa miezi ya kula kwa kinywa chake. Mpira baba aliukataa, akasema yeye si taa ya kujazwa mafuta. Akachagua waya.

Basi wazee wakakaa kikao. Siku tatu, kaka! Unadhani walizungumza maumivu yake? Walizungumza maiti. Ataoshwaje na chuma kooni? Azikwe nao au uchomolewe? Marijani akataka kujua ukishachomolewa ataurithi nani, maana ni fedha. Wakatuma mtu Tandale kwa sheikh, na sheikh akamuuliza, "Kwani huyo marehemu amekufa lini?" Wakaona haya? Thubutu! Wakasema suala ni zito, wakaagiza kahawa nyingine.

Na yote hayo yalisemwa chini ya dirisha la chumba chake, anasikia. Siku ya tatu alijikokota hadi mlangoni, ameshika ukuta, akawaambia, "Nikifa fanyeni mtakavyo. Leo nataka chai." Marijani akamjibu akalale, asijichoshe. Hapo adabu ilinitoka. Niliwaambia maneno ambayo mtoto wa kike hawaambii baba zake wadogo, na siyaandiki hapa. Nikaita gari la kukodi, tukaondoka naye.

Jumatano alitiwa waya. Alhamisi jioni alikunywa chai ya maziwa yenye iliki, kidogo kidogo, ikapita yote. Akaomba kikombe cha pili. Nililia mbele ya wauguzi, wala sioni haya kusema.

Sasa zamu yako. Barua yako ya juma lililopita niliisoma mara mbili nikidhani macho yananidanganya. Unasema tukupelekee simu ya maandishi "ikitokea", ndipo uombe ruhusa bandarini uje kuzika. Loo! Umenitia kichefuchefu, kaka. Wa kuzika tunao tele, wamejaa barazani, hata sanda wameshaijadili. Hatuna nafasi ya mwingine. Daktari anasema labda miezi minne, na baba kila kukicha anauliza kama basi la Mombasa limefika.

Nisalimie wifi Somoe, na watoto uwabusu. Mwanaasha anakuamkia. Marijani hakutoa salamu, nami sikumwomba. Mwenyezi Mungu akulainishe moyo, akufungulie njia, akufikishe salama.

Ukija sasa, utamkuta baba bado anaweza kukuita jina lako. Ukingoja simu, basi usije kabisa. Nitamwambia kila atakayeuliza kuwa mzee Shomari hakujaaliwa mtoto wa kiume.

Ni mie nduguyo, nikupendaye mpaka sasa,
Tunu